Taa wa Madoa ya Buluu: Samaki Mdogo wa Mwambani Mwenye Mwiba wa Sumu

Watu wa pwani ya Kenya, tangu Kiunga hata Vanga, wamjua sana taa, yule samaki bapa mwenye mkia mrefu na mwiba mkali. Lakini neno hilo taa ni jina la ukoo mzima, wala si jina la samaki mmoja. Wako taa wakubwa ambao mtu mzima akilala juu yao na kunyosha mikono hawezi kufika pande zote mbili, na wako wadogo ambao hawazidi upana wa sinia ya wali. Katika hao wadogo yuko mmoja ambaye kwa uzuri wa rangi huwapita wenzake wote. Huyo ndiye taa wa madoa ya buluu, ambaye wataalamu wa samaki humwita Taeniura lymma.

Msomaji wa bara, ambaye samaki aliowazoea ni ngege na sangara wa ziwani, huenda akaona tabu kumfikiria kiumbe wa namna hii. Na afikiri chapati nene iliyotiwa mkia. Mwili wake ni wa mviringo uliorefuka kidogo, na pande zote mbili mapezi yameungana na kichwa hata haijulikani kichwa kimeishia wapi na mapezi yameanzia wapi. Upana wake, akiisha kukua kabisa, ni kama sentimita 35, na urefu wake kutoka puani hata ncha ya mkia hukaribia sentimita 80. Yaani mkia peke yake ni mrefu kuliko mwili. Macho yamesimama juu ya kichwa, na kinywa kiko chini, upande wa tumbo, basi chakula anachokila hakioni wakati wa kukila. Jambo hilo litaelezwa mbele.

Mgongo wake una rangi ya mchanga wenye umanjano au ukijani, na juu ya mgongo huo yametapakaa madoa mengi ya buluu yenye kung'aa, makubwa katikati na madogo pembeni. Mkiani, kila upande, una mstari wa buluu kama utepe. Tumbo ni jeupe. Yafaa asichanganywe na jamaa yake mwingine mdogo wa pwani hii, ambaye pia ana madoa ya buluu. Huyo wa pili mwili wake una pembe, si mviringo. Machoni amepitiwa na ukanda mweusi kama kinyago. Tena mkia wake una pete nyeusi na nyeupe. Mwenye utepe wa buluu mkiani ndiye anayezungumzwa hapa.

Ijapokuwa kwa umbo hafanani nao, taa ni jamaa ya papa. Mwilini mwake hamna mfupa hata mmoja. Kiunzi chake chote ni gegedu, kitu laini kama kile kilichomo katika sikio la mtu. Matamvua yake hayafunikwi na kifuniko kama ya samaki wengine, bali yana nyufa tano kila upande, nazo ziko chini ya mwili. Hapo pana shida moja, kwa kuwa samaki anayelala kifudifudi juu ya mchanga angevuta maji kwa kinywa angevuta na mchanga pia. Taa ameepukana na shida hiyo kwa matundu mawili yaliyo nyuma ya macho. Maji safi huingia kwa juu katika matundu hayo, yakapita matamvuani, kisha yakatoka kwa chini. Mtu akimtazama taa aliyetulia ataona matundu hayo yakifunguka na kufumba pasipo kukoma.

Maji yakijaa, maji yakipwa

Maisha yote ya taa huyu yaongozwa na kujaa na kupwa kwa maji. Pwani ya Kenya maji hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua tofauti kati ya maji makubwa na maji makavu huweza kukaribia mita 4. Kati ya ufuo na mwamba wa nje, ambako mawimbi ya bahari kuu huvunjika, pana eneo kubwa la maji mafupi lenye mchanga, majani ya bahari na mafungu ya matumbawe. Huko ndiko kwao. Huweza kushuka hata mita 30, lakini mara nyingi huonekana katika maji ambayo mtu akisimama hayamfiki shingoni.

Maji yakiwa yamekupwa, kila taa hutafuta maficho yake chini ya tumbawe, au katika ufa wa mwamba, au ndani ya pango dogo lenye kivuli. Wakati huo hawakai kundi. Wametawanyika, kila mmoja na mahali pake. Aghalabu kinachoonekana ni mkia tu, umetokeza nje ya mwamba na utepe wake wa buluu, na mwenyewe hayumo machoni. Tofauti na taa wengine wengi, huyu hana mazoea ya kujifukia mchangani. Mwenye nyumba ya mawe hana haja ya kujifunika blanketi la mchanga.

Maji yakianza kujaa, hali hubadilika. Taa hutoka mafichoni, na sasa huenda makundi madogo madogo, wakifuata maji yanavyopanda hata kufika kwenye mchanga ambao saa chache kabla ulikuwa mkavu. Pale alipopita mwanamke na kikapu chake cha pweza asubuhi, alasiri hupita taa. Hukaa huko wakila mpaka maji yageuke, kisha hurudi mwambani kabla hayajawaacha. Safari hiyo hurudiwa siku zote, kaskazi na kusi.

Kuogelea kwake ni kwa kupeperusha ukingo wa mapezi, wimbi likianzia mbele na kuishia nyuma, kama shuka iliyoanikwa upepo unapoipitia. Mkia haumsukumi, mwendo wote watoka katika mapezi.

Chakula na jinsi anavyokipata

Chakula chake ni kaa, kamba, chaza wadogo, minyoo ya baharini na visamaki vinavyokaa chini. Vitu hivi vingi hujificha ndani ya mchanga, na imekwisha kuelezwa ya kuwa macho ya taa yako juu na kinywa kiko chini. Basi hupataje kuvijua? Hunusa; lakini zaidi ya hayo anayo hisi ambayo binadamu hana kabisa. Kuzunguka kinywa chake pana vishimo vidogo vilivyojaa ute, navyo huhisi umeme. Kila kiumbe hai, moyo wake ukipiga na misuli yake ikijikunja, hutoa umeme mdogo mno, na katika maji ya chumvi umeme huo husafiri kidogo. Taa akipita juu ya kaa aliyejifukia huuhisi, ingawa hamwoni. Vishimo hivyo vilielezwa zamani na Mtaliana Stefano Lorenzini katika mwaka 1678, nao mpaka leo huitwa kwa jina lake, lakini yeye mwenyewe hakupata kujua kazi yake. Jambo hilo lilifahamika baada ya karne nyingi.

Akiisha kumjua kaa alipo, taa hujilaza juu yake na kumfunika kwa mwili wote asipate njia ya kukimbia, kisha humchimbua na kumtia kinywani. Meno yake si ya kurarua. Ni madogo, yamepangwa safu safu kama mawe ya sakafu, na kazi yake ni kusaga magamba na makaka.

Huzaa, hatagi

Samaki wengi hutaga mayai kwa maelfu na kuyaacha baharini. Taa hafanyi hivyo. Dume humfuata jike kwa muda mrefu, akimuumauma ukingoni mwa mwili, na kwa hiyo jike huonekana na alama za meno. Dume hutambulikana kwa viungo viwili virefu vilivyo karibu na shina la mkia, navyo ni vya kupandia. Mayai huanguliwa ndani ya tumbo la mama. Kwanza watoto huishi kwa kiini cha yai, na kiini kikiisha mama huwalisha humo humo tumboni kwa umajimaji wenye mafuta na nguvu, ambao wataalamu huulinganisha na maziwa. Mimba huchukua miezi mingi, na watoto hawazidi saba. Mara nyingi ni pungufu ya hapo. Mtoto akizaliwa ana upana wa sentimita 13 au 14, na tayari ana madoa yake ya buluu na mwiba wake. Mama hamlei. Tangu saa hiyo hujitegemea.

Hesabu hii ya watoto wachache yafaa ikumbukwe na kila mtu anayevua. Samaki anayetaga maelfu akivuliwa sana, miaka michache ya kupumzishwa huweza kumrudisha. Anayezaa watoto wachache kwa mimba ndefu hawezi kurudi upesi namna hiyo.

Mwiba

Juu ya mkia, mbali na mwili, taa huyu ana mwiba mmoja au miwili. Katika taa wengi mwiba uko karibu na shina la mkia, lakini kwa huyu umesogea kuelekea nchani, na kwa sababu hiyo aweza kuupeleka mbele sana anapopiga, hata kupita kichwa chake mwenyewe. Mwiba ni mgumu kama mfupa, na kando zake zina meno kama ya msumeno yaliyoelekea nyuma. Kuingia kwake ni rahisi, kutoka kwake ni kwa kurarua. Chini yake mna mifereji miwili yenye nyama laini ya sumu, na yote imefunikwa kwa ngozi nyembamba. Mwiba ukimwingia mtu ngozi hiyo hupasuka, na sumu humwagika ndani ya kidonda. Mwiba ukivunjika humea mwingine.

Wako wasemao kwamba taa huurusha mwiba kama mshale. Si kweli. Tena hautumii kwa kuwinda. Ni silaha ya kujilinda tu, juu ya papa na pomboo, na juu ya mguu wa mtu aliyemkanyaga. Wataalamu wengi huona kwamba hata yale madoa ya buluu ni onyo kwa adui ajue kuwa hapa pana sumu. Taa akiachiwa njia hukimbia, naye hukimbia upesi sana.

Walio katika hatari zaidi ni wale watembeao mwambani kwa miguu mitupu maji yakiwa makavu: wanawake na vijana wanaotafuta pweza na kome, wavuvi wanaoshuka kusukuma mashua, na watoto wanaocheza. Pweza na taa hupenda maficho ya namna moja. Anayetia mkono katika tundu la mwamba kabla ya kulitazama aweza kumkuta mwenyeji asiyemtarajia. Afadhali kutanguliza fimbo. Na mtu anayepita katika maji ya mchanga maji yakijaa asiinue nyayo na kuzishindilia, bali azikokote chini polepole. Mtetemo na mchanga unaotimka humwonya taa, naye huondoka. Viatu vyasaidia, lakini mwiba huweza kupenya kiatu chembamba.

Maumivu ya mwiba ni makali mno, nayo huzidi katika saa ya kwanza au ya pili. Mguu huvimba, na pengine mtu hutapika au kuzimia. Jambo la kwanza ni kumtoa majini, maana aliyezimia ndani ya maji mafupi aweza kufa maji. Jeraha lioshwe, na damu izuiwe kwa kukandamiza kitambaa safi. Kisha mguu utiwe katika maji ya moto, ya moto kadiri mtu awezavyo kuvumilia lakini yasiyounguza, ukae humo tangu nusu saa hata saa moja na nusu, maji yakiongezwa moto kila yanapopoa. Mtu mwingine na ayajaribu kwanza kwa mkono wake, kwa sababu mwenye maumivu hawezi kupima joto vizuri. Dawa hii ni nyepesi, nayo yafaa kweli, kwa kuwa sumu ya taa huharibika kwa joto, na watu wengi hupata nafuu wakati mguu ungali majini. Kukata jeraha kwa wembe, kulinyonya kwa kinywa au kufunga mguu kwa kamba kwa nguvu hakumsaidii mgonjwa, humwongezea madhara.

Akiisha kupata nafuu apelekwe hospitali. Vipande vya mwiba huweza kubaki ndani na kuozesha kidonda, na hatari ya pepopunda iko, basi huenda akahitaji sindano. Mwiba uliozama kifuani, tumboni au shingoni usitolewe na mtu asiye daktari, kwani pengine ndio uliozuia damu. Mgonjwa na achukuliwe hospitali vivyo hivyo, upesi. Majeraha ya namna hiyo ni haba. Mwaka 2006 Steve Irwin, mtu wa Australia aliyejulikana kwa filamu zake za wanyama, alikufa alipochomwa kifuani na taa, lakini yule alikuwa taa mkubwa wa jamii nyingine. Mwiba wa taa wa madoa ya buluu huumiza sana, ila kwa kawaida hauui.

Jina lake na makao yake

Aliyemwandika kwanza samaki huyu katika vitabu vya elimu ni Peter Forsskål, mtaalamu wa viumbe kutoka Uswidi. Katika mwaka 1761 mfalme wa Denmark alipeleka watu sita Arabuni kuchunguza nchi, lugha, mimea na wanyama, na Forsskål alikuwa mmoja wao. Alikusanya samaki wengi katika Bahari ya Sham, lakini mwaka 1763 alishikwa na homa ya malaria akafa huko Yemen. Wenzake nao wakafa mmoja baada ya mmoja, hata akabaki mmoja tu, Carsten Niebuhr, ambaye alirudi na maandishi ya marehemu na kuyapiga chapa mwaka 1775. Ndani yake mlikuwamo taa wa madoa ya buluu. Neno Taeniura, lililotungwa baadaye, maana yake ni mkia wenye utepe.

Makao yake ni makubwa: tangu Afrika ya Kusini, kupita pwani ya Msumbiji, Tanzania na Kenya hata Bahari ya Sham, na upande wa mashariki hata India, visiwa vya Indonesia na Filipino, na kaskazini ya Australia. Lakini popote alipo hawezi kuachana na mwamba wa matumbawe. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto kupita kiasi, na matumbawe mengi ya pwani ya Kenya yakageuka meupe na kufa. Tumbawe lililokufa huvunjika, na likivunjika mapango yake huenda pamoja nalo. Juya likikokotwa juu ya mwamba hufanya vivyo hivyo kwa siku moja, na hiyo ni mojawapo ya sababu za Serikali ya Kenya kuupiga marufuku uvuvi wa juya mwaka 2001.

Kwa mvuvi, taa huyu hana faida kubwa. Hunaswa katika nyavu na katika uzio pamoja na samaki wengine, na nyama yake ni kidogo. Kama ilivyo kwa papa, nyama ya taa ina harufu kali isipotengenezwa mapema, kwa sababu ya chumvichumvi iliyomo katika damu yake. Kwa hiyo aghalabu taa hutiwa chumvi na kukaushwa. Mikia ya taa wakubwa ilikaushwa zamani ikatumiwa kama viboko, na wazee wengi wa pwani hawahitaji kuelezwa uchungu wake. Katika nchi za ng'ambo watu hununua taa wa madoa ya buluu ili kumtia katika matangi ya kioo majumbani, kwa ajili ya rangi yake. Huko haishi vizuri. Wengi hukataa kula, wakafa.

Anayetaka kumwona mzima, katika makao yake, aweza kumtafuta katika hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizowekwa mwaka 1968, au kusini huko Kisite, mbele ya kisiwa cha Wasini, ambako ndani ya mipaka ya hifadhi uvuvi hauruhusiwi. Yatosha kuvaa miwani ya kupigia mbizi na kutazama chini ya mafungu ya matumbawe maji yakiwa yamekupwa. Kitakachoonekana kwanza ni mkia.